Kiti kibadilishwe, mashine isogezwe: Mgonjwa si lazima aache kazi

Kabla jua halijachomoza, barabara ya Namanga upande wa Athi River huwa imejaa watu wanaotembea kwa haraka. Wengi wao ni wanawake. Wanatoka Kitengela, Mlolongo na mitaa ya mji wa Athi River kwenyewe, wakielekea lango la eneo la viwanda vinavyotengeneza bidhaa za kuuzwa nchi za nje, ambalo kila mtu hapa huliita EPZ tu. Miongoni mwao yumo anayechechemea, yumo mja mzito wa miezi saba, yumo aliyemeza dawa za kifafa kabla ya kufunga mlango, na yumo anayeficha ganzi ya vidole kwa kuogopa kuandikwa kuwa mgonjwa.

Hofu yake ina msingi. Katika kiwanda cha nguo kazi hupimwa kwa vipande. Washonaji hupangwa kwa laini. Huyu anashona mfuko, yule anatia kola, mwingine anafunga mikono ya shati. Mmoja akichelewa, nguo hurundikana mbele yake na wanaomfuata hukaa bure. Msimamizi naye ana tageti ya saa, na juu yake kuna meneja mwenye tarehe ya meli kule Mombasa. Katika mpango kama huo, mwili unaouma huonekana kama mashine iliyoharibika, na dawa ya mashine iliyoharibika ni kuiondoa kwenye laini.

Lakini iko njia nyingine, na sheria za Kenya zimeitambua kwa zaidi ya miaka 20 sasa. Badala ya kumwondoa mtu, kazi hurekebishwa kidogo ili imfae. Wataalamu wa afya ya kazini huyaita marekebisho yanayofaa. Ni mabadiliko anayofanyiwa mtu fulani, kwa kazi fulani, bila ya kumtwika mwajiri mzigo uliopita kiasi. Si hisani, wala si kumpunguzia mtu kazi ili alipwe kwa kukaa.

Chukua mfano wa mshonaji aliyevunjika mguu wa kulia kwenye ajali ya bodaboda. Mfupa umeunga, lakini goti halikunji vizuri. Cherehani ya kiwandani huendeshwa kwa kikanyagio, na mara nyingi kuna pia kibao cha kusukumwa kwa goti ili kuinua mguu wa mashine unaobana kitambaa. Ukimrudisha mama huyu kwenye kiti chake cha zamani, atafanya kazi kwa maumivu siku tatu kisha atashindwa, na kila mtu atasema, "Si tulijua?" Hata hivyo fundi wa mashine aliye papo hapo kiwandani anaweza kusogeza kikanyagio kiende upande wa mguu wa kushoto na kukifunga kile kibao mahali ambapo goti zima litakifikia. Ni kazi ya spana na muda mfupi. Kama hilo haliwezekani, kuna ukaguzi wa nguo, kukata nyuzi zilizobaki, kutia vifungo na kupakia. Kazi ambazo tayari zina watu na tayari zinalipwa.

MKONO UNAOKUFA GANZI

Maradhi yanayowapata washonaji kwa wingi si yale ya ajali. Ni yale yanayokuja polepole. Mtu anayesukuma kitambaa kwa mwendo ule ule mara elfu kadhaa kwa siku, kifundo cha mkono kikiwa kimepinda, huenda akaanza kusikia ganzi na kuchomwachomwa kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati. Ganzi hiyo huzidi usiku. Wengi huamka na kuutikisa mkono kama mtu anayekung'uta maji, kisha hulala tena. Kinachotokea ni kwamba neva inayopita katika mfereji mwembamba kwenye kifundo cha mkono hubanwa na uvimbe wa kano zilizo kando yake. Waja wazito hupata shida hii kwa urahisi zaidi kwa sababu mwili wao hushika maji mengi, na wenye kisukari pia wamo hatarini.

Ikishughulikiwa mapema, shida hii hutulia. Daktari anaweza kumpa mgonjwa kifaa cha kunyoosha kifundo ambacho huvaliwa usiku, na pengine sindano ya kupunguza uvimbe. Ikiachwa, nyama ya chini ya kidole gumba huanza kunyauka na mtu hushindwa kushika hata sindano. Hapo hubaki upasuaji, na nguvu hairudi yote kila mara.

Mwenye kiwanda anaweza kufanya nini? Mengi, na hayana gharama kubwa. Mkasi wa kukatia nyuzi ukiwa butu, mkono hutumia nguvu maradufu, unolewe. Meza ikiwa juu mno, mabega huinuka siku nzima, kiti kiinuliwe. Kiti chenyewe kiwe na mgongo wa kuegemea, maana lile benchi la mbao lisilo na mgongo, ambalo wengi wamelizoea, ndilo chanzo cha nusu ya malalamiko ya kiuno tunayoyasikia. Aidha, mfanyakazi abadilishwe kazi baada ya saa mbili tatu, ili misuli iliyochoka ipumzike ilhali mingine inafanya kazi. Wasimamizi wengi hupinga jambo hili wakisema kuwa linavuruga laini. Tukiulizwa sisi, laini huvurugwa zaidi na mshonaji hodari anayekosa kazini kila Jumatatu.

Yapo magonjwa mengine ambayo hayaonekani kwa macho na ndiyo maana huleta ubishi. Mwenye kifafa anayetumia dawa zake vizuri anaweza kushona, kukagua na kupakia kama mtu mwingine yeyote. Asichopaswa kufanya ni kusimama kwenye mashine ya kukata vitambaa, kupiga pasi ya mvuke au kupanda ngazi za bohari. Tena asipangiwe zamu za usiku ikiwezekana, kwa maana ukosefu wa usingizi ni miongoni mwa mambo yanayochochea kifafa. Mwenye pumu aondolewe karibu na meza za kukatia, ambako vumbi la pamba ni jingi. Anayejidunga insulini anahitaji mahali pa baridi pa kuiwekea na ruhusa ya kula kwa wakati. Akicheleweshwa ili kumaliza tageti, sukari yaweza kushuka akaanguka. Mwenye selimundu anahitaji maji ya kunywa karibu naye siku nzima na ruhusa ya kwenda msalani bila ya kuomba kibali cha maandishi. Na yuko fundi asiyetofautisha rangi nyekundu na kijani, ambaye hugombezwa kila siku kwa kuchanganya nyuzi, ilhali kibandiko chenye namba kwenye kila kibiringi kingemaliza ugomvi huo.

Kuhusu kifua kikuu, watu bado wana woga uliopitwa na wakati. Mgonjwa wa kifua kikuu cha kawaida aliyeanza dawa zinazofaa kwa kawaida huacha kuambukiza wengine baada ya wiki mbili hivi, ingawa matibabu huendelea kwa miezi. Daktari wake ndiye atakayesema ni lini arudi. Akirudi, kinachohitajika ni madirisha kufunguliwa na ruhusa ya kwenda kliniki. Wenye virusi vya Ukimwi pia huhitaji ruhusa ya kliniki, wala hawahitaji kueleza sababu kwa laini nzima. Sheria ya mwaka 2006 kuhusu Ukimwi inakataza mtu kulazimishwa apimwe ndipo apewe kazi au aendelee nayo.

SHERIA INASEMAJE?

Wakati Bunge lilipopitisha Sheria ya EPZ mwaka 1990, shabaha ilikuwa kuwavutia wawekezaji. Walipewa msamaha wa kodi ya mapato kwa miaka 10 ya kwanza, na hapo mwanzo viwanda hivyo viliondolewa hata chini ya Sheria ya Viwanda iliyosimamia usalama wa wafanyakazi wakati huo. Biashara ya nguo ilipanuka baada ya Marekani kufungua soko lake kwa sheria ya AGOA mwaka 2000. Mapema mwaka 2003 wafanyakazi wa EPZ, Athi River ikiwa mbele, waligoma wakilalamikia mishahara na jinsi walivyotendewa. Tangu mwaka 2007, Sheria ya Usalama na Afya Kazini inahusu mahali pote pa kazi, EPZ ikiwemo. Kiwanda chenye wafanyakazi 20 au zaidi ni lazima kiwe na kamati ya usalama na afya ambayo wafanyakazi wana wawakilishi ndani yake. Kamati hiyo ndiyo mlango wa kwanza wa kubisha, na inashangaza ni wafanyakazi wangapi wasiojua majina ya waliomo.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ndiyo iliyokuwa ya kwanza kumtaka mwajiri arekebishe mahali pa kazi kwa ajili ya mlemavu. Kenya ikatia saini na kuidhinisha mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, uidhinishaji ukifanyika mwaka 2008. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 27, inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, hali ya afya au uja uzito, na kifungu cha 54 kinampa mlemavu haki ya kufika mahali pote, kutumia vyombo vya usafiri na kupata habari. Ile sheria ya 2003 sasa imebadilishwa na nyingine iliyotiwa sahihi Mei 2025, ambayo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi za kazi kwa watu wenye ulemavu.

Mahakama nazo zimeanza kuzipa sheria hizi meno. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mfanyakazi wa kampuni ya uwakala wa bima, aliyekuwa ameugua uti wa mgongo, alikuwa amebaguliwa kwa sababu ya ulemavu alipoachishwa kazi. Mwaka huo huo Mahakama Kuu ilitoa uamuzi dhidi ya kampuni ya Safaricom katika kesi ya kijana asiyeona aliyekuwa ameomba kazi huko. Hakukuwa na programu ya kompyuta ya kumwezesha kufanya mtihani wa usaili kama wenzake. Hizo ni kesi za watu wa ofisini, ni kweli. Hata hivyo hoja iliyozishinda ni ile ile inayoweza kusimama mbele ya meneja wa kiwanda cha suruali: ulijaribu kurekebisha nini kabla ya kumwambia aende?

Kuna pengo moja ambalo halisemwi sana. Serikali ilijaribu kuwavuta waajiri kwa kodi: aliyerekebisha jengo au vifaa kwa ajili ya walemavu angepunguziwa nusu ya gharama hizo katika hesabu ya mapato yanayotozwa kodi, na sehemu ya mishahara ya walemavu vilevile. Ni mpango mzuri kwa kampuni ya Nairobi inayolipa kodi. Lakini kiwanda cha EPZ kilicho ndani ya ile miaka 10 ya msamaha hakina kodi ya mapato ya kupunguziwa! Kwa hiyo kivutio hicho hakimgusi. Hali ni hiyo hiyo kwa mfanyakazi mlemavu mwenye kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu: msamaha wake wa kodi ya mshahara humfaa meneja kuliko mshonaji ambaye mshahara wake ni mdogo hata hautozwi kodi. Wanaotunga sera wangefikiria njia nyingine ya kuwapa motisha wenye viwanda vya aina hii.

Kwa mama anayenyonyesha, sheria iko wazi zaidi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka kila mwajiri awe na chumba cha kunyonyeshea au kukamulia maziwa, chenye mahali pa kunawia mikono, jokofu, meza ndogo na viti vya starehe, na chumba hicho kisiwe msalani. Mama apewe muda wa kunyonyesha mbali na ule wa chakula, usiozidi saa moja katika kila saa 8 za kazi. Miezi mitatu ya likizo ya uzazi huisha haraka, na bila ya chumba hicho mama wa Athi River hana budi kuchagua kati ya maziwa yake na mshahara wake.

NAMNA YA KUOMBA

Wafanyakazi wengi hukosea kwa kungoja hadi wachukuliwe hatua kwa ajili ya kukosa tageti. Wakati huo ombi huonekana kama kisingizio. Ni vyema kwenda mapema, tena na jambo mahususi. Asiseme tu, "Supavaisa, mimi ni mgonjwa." Aseme hivi: "Supavaisa, mkono huu hufa ganzi nikishona kola tangu asubuhi. Daktari amesema nisikae kwa kazi moja siku nzima. Naomba nishone kola hadi saa nne, halafu unihamishe kwa vifungo hadi mchana." Ombi la namna hiyo lina jibu. Msimamizi aweza kukubali, au akasema vifungo vimejaa lakini kwa kupakia kuna nafasi.

Barua ya daktari si lazima itaje jina la ugonjwa. Inatosha iseme ni kazi gani mgonjwa anaweza kufanya, ipi asifanye na kwa muda gani. Daktari naye aulize kazi yenyewe ni ipi. "Apewe kazi nyepesi" ni maneno yasiyomsaidia mtu yeyote, kwa maana kiwandani kila mtu hudhani kazi ya mwenzake ndiyo nyepesi. Mfanyakazi abaki na nakala, na ombi lenyewe liandikwe hata kama lilianza kwa mdomo. Wenye mikataba ya miezi michache ndio huogopa zaidi, kwani mkataba waweza kuisha tu bila ya mtu kutaja ugonjwa. Hao wapitie kwa mwakilishi wa chama au kamati ya usalama ili ombi lisiwe la mtu mmoja.

Aliyeumia kazini ana haki nyingine pia. Chini ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ulemavu wa kudumu hulipwa kwa hesabu ya mapato ya miezi 96, kulingana na kiwango cha ulemavu kilichopimwa. Dai liwasilishwe kabla ya miezi 12 kupita. Kulipwa fidia hakumaanishi kwamba mtu ameaga kazi. Aliyepoteza kidole anaweza kulipwa, akarudi, na akarekebishiwa mashine.

NA WATOTO WAO JE?

Mzazi anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi giza limeingia huenda asimwone mwalimu muhula mzima. Hivyo mtoto asiyesikia vizuri huitwa mkaidi, na asiyeona ubaoni huitwa mzito wa kichwa. Mara nyingi dawa ya kwanza ni kumhamishia dawati la mbele, mbali na dirisha lenye mwanga unaomchoma macho, na mwalimu kumtazama anapozungumza. Mtoto mwenye kifafa asifukuzwe darasani. Walimu wafundishwe kumlaza kwa ubavu, kuondoa vitu vigumu karibu naye, kutomtia kijiko mdomoni, na kumkimbiza hospitali iwapo mshtuko unapita dakika 5. Anayetumia magongo au kiti cha magurudumu anahitaji mteremko badala ya vidato, na mteremko wenyewe usiwe mkali: kwa kila sentimita 10 za kupanda, uwe na urefu wa sentimita 120. Tumeona shule zilizojenga mteremko mkali kama paa la nyumba. Huo ni wa kupigia picha tu.

Mzazi mwenye shaka ampeleke mtoto kwenye kituo cha serikali cha kutathmini mahitaji ya kielimu. Vituo hivyo vilianza mwaka 1984 na huduma yake haihitaji barua ya mkubwa yeyote. Kwa mitihani ya kitaifa, Baraza la Mitihani huweza kutoa muda wa ziada, karatasi zenye herufi kubwa au za Braille, lakini shule ndiyo inayopeleka ombi wakati wa kusajili watahiniwa. Mzazi asingoje wiki ya mtihani.

Wapo walemavu ambao tayari wana ufundi. Machakos ina chuo cha ufundi cha wasioona na shule ya viziwi, na Thika ina shule ya vipofu iliyoanzishwa na Salvation Army mwaka 1946. Kiziwi aliyejifunza kushona hahitaji mengi kiwandani. Makelele ya mashine yanayowatesa wenzake hayamsumbui sana, na ishara chache za kazi msimamizi aweza kuzijifunza kwa wiki moja.

Shida kubwa huja kengele ya moto inapolia. Kanuni zinataka zoezi la kutoka jengoni lifanywe angalau mara moja kila mwaka, na ni wakati huo kamati ya usalama inapaswa kuuliza nani hakusikia, na nani hakuweza kushuka ngazi. Taa inayomweka juu ya laini humwarifu kiziwi. Kwa mwenye magongo, wateuliwe wenzake wawili wanaojua kuwa ni kazi yao kumtoa, na akae laini iliyo karibu na mlango, si ile ya ndani kabisa karibu na bohari. Tena mlango huo uwe wazi saa zote za kazi, zamu ya usiku ikiwemo.